Breki Ilisemwa Mbele ya Watu Wote

Iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mwanangu, chai inanipoa mkononi. Haikuwa siku ya msiba wala ya harusi. Ilikuwa siku ya mashindano ya pikipiki, katika shamba la mkonge upande wa Thika, miaka ile ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau. Juzi nilikuona na hiyo pikipiki yako mpya, umeinama juu ya tangi kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba, ukaniuliza kama sisi wa zamani tuliwahi kuonja mbio. Nitakujibu. Lakini keti kwanza, maana jibu langu lina hasira ndani yake, na hasira ya mzee haisikilizwi na mtu aliyesimama.

Nilitoka Bungoma kijana, nikapata kazi katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Meneja wetu alikuwa Mzungu kijana. Jina lake halina kazi hapa. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Haraka, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa ameagiza kutoka kwao pikipiki ya mashindano: silinda moja kubwa, tangi la rangi ya fedha, usukani mfupi ulioshushwa mpaka mwendeshaji analala kifudifudi. Pikipiki za posta tulizozizoea zilikuwa punda. Hii ilikuwa chui, na kama chui, haikupenda kuamshwa. Ukiipiga kiki vibaya ilikurudishia teke la kukuvunja mguu.

Fundi wake alikuwa Njuguna, mtu wa Murang'a, mpole, msomaji wa Biblia, mwenye vidole virefu vyeusi kwa grisi. Na hapa ndipo penye ajabu ya kazi yetu. Siku hizo Mkikuyu hakuruhusiwa kutoka nje ya lango la shamba bila karatasi ya ruhusa. Njuguna aliweza kuifungua ile injini mpaka nati ya mwisho na kuifunga tena, lakini hakuweza kuipeleka barabarani hata hatua chache kuona kama imepona. Mimi, kwa kuwa nilitoka magharibi, askari hawakunisumbua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiendesha, kisha nikarudi kumweleza Njuguna kwa maneno kila kitu nilichokisikia mwilini. Yeye alisikiliza, akafumba macho, akachukua spana.

"Muru wa maitu," aliniita hivyo, ndiyo kusema mwana wa mama yangu, "usiniambie ni nzuri. Nzuri haina nati. Niambie inatetemeka wapi."

"Kwenye miguu. Halafu inapanda mpaka kwenye meno."

"Meno ya juu au ya chini?"

"Njuguna, wewe unanitania."

"Sikutanii. Mimi niko hapa ndani kama kuku. Wewe ndiye makalio yangu. Makalio yakisema uongo, mimi nitatengenezaje?"

Tulicheka sana, lakini sikusema uongo hata mara moja. Huwezi kumdanganya mtu anayeona barabara kwa maneno yako tu.

Sasa nikueleze ilivyokwenda, maana uliuliza. Nilikuwa nikitoka Ruiru asubuhi, nikavuka daraja, nikapanda taratibu ili injini ipate joto. Lami ilikuwa nyembamba, kingo zake zimeliwa, pembeni udongo mwekundu. Gia ya kwanza na ya pili zilinung'unika kama mtu aliyeamshwa mapema. Tatu ilibadilisha sauti. Tukifika ule uwanda wa Juja, nikiweka gia ya nne na kuongeza resi, jambo la ajabu lilitokea: kutetemeka kote kulikoma. Mashine iliyokuwa ikinigonga meno ilitulia kabisa, ikawa kama imekipata ilichokuwa ikikitafuta. Mistari ya mkonge ilipita pembeni kama meno ya kitana. Machozi yalinitoka, yakaenda kwenye masikio badala ya mashavuni. Usidhani ninyi ndio wa kwanza kujua utamu huo.

Lakini utamu wa mbio hujulikana kwenye kusimama. Ule mteremko wa kwenda mto Ndarugu ndio ulionifundisha ile mashine ni nani. Breki ya nyuma ilikuwa mwungwana. Breki ya mbele ilikuwa nzuri ikiwa baridi. Ikishapata moto ilishika ghafla, mara moja, kama mbwa aliyevumilia kuchokozwa halafu akauma. Siku ya kwanza ilinishika pale mteremkoni, gurudumu la nyuma likanyanyuka, nikajiona nauangalia mto kichwa chini. Nilirudi shambani mwendo wa konokono.

Njuguna aliifungua. Akaniita nione ngozi za breki zilivyolika upande mmoja. Akaenda kwa Bwana Haraka, kofia mkononi, akamwomba asubiri ngozi nyingine kutoka Nairobi. Mashindano yalikuwa Jumapili ile ile.

"Hapana ngoja," Bwana Haraka akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Wewe piga tupa kidogo, basi."

Njuguna akapiga tupa, kwa sababu aliyeambiwa ndiye afanyaye. Ikapungua kidogo. Haikuisha.

Jumapili hiyo Njuguna alipewa ruhusa ya siku moja, akapanda lori la shamba pamoja na wafanyakazi wengine, nami nikaipeleka pikipiki kwa barabara. Uwanja wenyewe ulikuwa njia ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, iliyozungushwa katikati ya mkonge, kona zake zimewekwa mapipa. Kabla watu hawajajaa nilipewa mizunguko michache ya kuipasha moto. Na mwanangu, barabara na uwanja ni shule mbili. Barabarani unakwenda mbele; uwanjani unakwenda upande. Kwenye vumbi lile gurudumu la nyuma liliniponyoka kila kona, nami nikajifunza kuliacha liponyoke, nikilirudisha kwa resi wala si kwa breki. Ukilishindania, linakutupa. Ukiliachia kidogo, linarudi lenyewe kama mke aliyekwenda kwao kwa hasira. Kona ya mwisho ndiyo iliyokuwa mbaya: ilikuja baada ya mstari mrefu wa kasi, na vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa wimbi.

Sasa sikiliza desturi yetu. Madereva wa mashamba ya pande zile, tukikabidhiana chombo, hatukupeana funguo kimyakimya. Uliweka mkono juu ya chombo, ukasema kwa sauti, mbele ya watu, kilicho kizima na kilicho kibovu. Anayepokea alijibu, "Nimepokea." Baada ya hapo hakuna wa kulaumiana. Hatukuwa na kazi ya karatasi. Wengi hatukujua kuandika. Mashahidi wetu walikuwa masikio ya watu, na tuliyaamini.

Basi wakati wa kumkabidhi Bwana Haraka, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeshindana, nikaweka mkono juu ya tangi, watu wote wa lori wakiwa pale, na Mama Saada pembeni na sufuria yake ya uji. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu wa mjini Thika, mtu mzima, mnene, mwenye ulimi ambao polisi wenyewe waliuogopa. Nikasema: "Injini nzima. Gia nzima. Breki ya nyuma nzima. Breki ya mbele ikipata moto inauma kama mbwa. Kona ya mwisho usiiguse."

Watu waliangua kicheko kwa lile neno la mbwa. Mama Saada alicheka mpaka upawa ukamponyoka. Bwana Haraka naye akacheka, akanipiga begani.

"Wewe naendesha kama bibi harusi," akasema. Kisha, kwa kutudhihaki, akainua mkono kama dereva wa lori: "Nimepokea!"

Watu wakampigia makofi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alivunjika bega. Mzunguko wa tatu alikuwa wa pili, akitaka kuwa wa kwanza. Akaingia kona ya mwisho kwa kasi yote, akaikamata breki ya mbele kama mtu anayenyonga kuku. Pikipiki ilijikunja, ikamrusha juu ya pipa. Vumbi lilipotulia alikuwa amekaa chini, mkono umening'inia, uso mweupe kama chaki. Na neno la kwanza kutoka kinywani mwake halikuwa "nimekosea." Alinyoosha kidole cha mkono mzima kwa Njuguna.

"Yule Mkikuyu. Yeye naharibu breki. Yeye nataka kuua mimi."

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati mwingine. Lazima nikueleze uzito wa maneno hayo. Siku zile, Mkikuyu akisemwa na Mzungu kwamba alitaka kumuua, hakurudi nyumbani jioni. Alipelekwa kuchujwa, ndiyo kusema kuhojiwa kama ni Mau Mau, kutoka huko alipelekwa kizuizini, na wengine walipelekwa kwenye kamba. Njuguna alikuwa na mke na watoto wadogo. Askari wawili walikuwa wamemkalisha chini, mikono nyuma, kabla sijafika. Alikuwa ananitazama mimi.

Inspekta wa Kizungu aliyekuwa akilinda mashindano akaja. Nikasogea mbele. Nikasema yote: ngozi zilizolika, Njuguna alivyoomba zisubiriwe, nilivyotangaza breki, na yule bwana alivyojibu kwamba amepokea.

Inspekta akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni rafiki yake," akasema. Halafu akawageukia watu wa lori. "Nani mwingine alisikia maneno haya?"

Kimya.

Watu wale wale! Watu waliocheka mpaka wakashika mbavu! Mmoja alianza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwingine, mtu wa kwetu kabisa, tuliyekula naye ugali sahani moja, akasema, "Mimi nilikuwa najisaidia, bwana." Mwingine akasema upepo ulikuwa mwingi. Upepo! Hata jani halikutikisika siku hiyo. Nawaelewa waliogopa. Mimi pia niliogopa. Lakini hofu ni ya magoti, mwanangu. Nani aliwaambia waipandishe mpaka masikioni?

Inspekta akawapa askari ishara wamwinue Njuguna.

Ndipo Mama Saada akaweka upawa wake chini. "Mimi nilisikia."

"Wewe mama, kaa kimya," askari mmoja akamwambia.

"Nikae kimya kwa nini? Uji wangu umekunywa bure, na bado unataka na ulimi wangu?" Akamsogelea Inspekta mpaka karibu tumbo kwa tumbo. "Huyu kijana alisema breki ya mbele inauma kama mbwa. Nilicheka. Na mtu hacheki asichokisikia. Bwana mwenzako naye alicheka, akasema amepokea." Kisha akawageukia wale wanaume. "Na ninyi, enyi mashababi wa kanisani na wa msikitini! Mdomo wa kucheka mnao, wa kusema mmeuacha nyumbani kwa wake zenu? Huyu akinyongwa, kesho atakayewatengenezea lori ni nani, Shetani?"

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia nilisikia." Akafuata mwingine. Halafu wote, hata yule aliyekuwa akijisaidia. Inspekta akamgeukia Bwana Haraka, aliyekuwa akifungwa bega na daktari, akamwuliza jambo kwa Kiingereza. Bwana Haraka akageuza uso kwenye mkonge.

"Mfungueni," Inspekta akasema.

Usidhani hadithi imekuwa tamu. Juma lile lile ruhusa ya Njuguna ya kufanya kazi ilifutwa, akarudishwa kwao Murang'a, kwenye kile kijiji kilichozungushiwa handaki. Mimi niliambiwa nitafute kazi pengine. Mama Saada hakuruhusiwa tena kuuza uji mashindanoni, naye akasema uji wake una wanywaji popote. Lakini Njuguna alikwenda kwao akiwa hai, kwa miguu yake, akawaona watoto wake. Hilo peke yake ndilo tulilolipata siku ile, na sikulidharau.

Kilichonichoma, na kinachonichoma mpaka sasa, si Bwana Haraka. Mwongo njia yake fupi, tulimjua. Kinachonichoma ni jioni ile kwenye lori, watu walivyoanza kunipongeza. "Wafula, sisi tulikuwa nyuma yako," wakasema, wakanipa sigara. Nikawaambia, "Ndiyo, nyuma yangu mlikuwa. Nyuma sana." Sigara sikuichukua.

Basi haya ndiyo nikupayo, mwanangu, kwa kuwa umenunua mashine yenye nguvu kuliko akili ya kijana. Sitakukataza mbio, nitakuwa mnafiki. Ila isikilize mashine kabla hujaiamrisha, na ubaya wake useme kwa sauti kama unavyousema uzuri wake. Anayekuja na habari mbaya ya breki usimwite mwoga. Fundi aliyekutengenezea usimtupie kosa la mkono wako. Na zaidi ya yote hayo: ukisikia neno la kweli, umelibeba. Limekuwa mzigo wako kama gunia la mkonge, na huwezi kulitua njiani kwa sababu umeona askari. Ulicheka pamoja na watu. Basi simama pamoja nao. Kimya cha mtu mmoja mwoga ni kidogo, lakini vimya vya watu wa lori zima vinatosha kumfukia mtu akiwa hai.

Nenda salama. Mungu akupe mkono mwepesi kwenye breki, jicho la mbali kwenye kona, na tairi zisizokusaliti. Akupe marafiki wanaosema mbele yako na mbele ya askari neno lile lile. Na siku itakapoulizwa ni nani aliyesikia, sauti ya kwanza iwe yako.