Chumba cha Mtega Panya

Sikumpenda wifi yangu, naye hakunipenda, na tusidanganyane hapa kwa sababu mambo yamekwisha. Dada wa mume wangu, mkubwa wao wote: mwembamba, mdomo mchungu, na kila akiingia ndani harufu ya panya inatangulia kukusalimia. Wafanyakazi wa ghala walimwita Bi Paka. Walidhani wanamkera, kumbe mwenzao alikuwa akiitika.

Kazi yake ilikuwa kutega panya katika ghala la mbegu. Miaka kumi na tisa! Na kwa kazi hiyo alipewa chumba nyuma ya ghala: sakafu ya saruji, dirisha la vioo viwili, bomba la maji nje ya mlango na ngazi tatu za kupandia. Mtu mmoja peke yake. Mimi, kaka yake na watoto watatu tulikuwa tumebanana kwenye chumba cha kupanga ambacho ukitaka kugeuka kitandani unaomba ruhusa. Nilikitaka kile chumba, na sioni haya kusema. Kila nikienda kumsalimia nilikuwa napima dirisha kwa macho, nione kama pazia langu la maua litatosha. Lilitosha.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kufagia pale ghalani, na hakunipa nafasi ya kusahau. "Wifi, chini ya chaga umefagia?" "Wifi, hiyo mbegu iliyomwagika umemwachia nani, mjomba wako?" Mbele za watu! Nami najibu, "Ndiyo, wifi," huku moyoni nasema mengine.

Alizaliwa palepale, enzi ambazo palikuwa kichaka na kinamasi na ghala halijajengwa. Baba yao alilima mahindi ukingoni mwa kichaka, na huyu binti tangu ana miaka saba kazi yake ilikuwa kuwategea panya wasifukue mbegu. Hiyo ndiyo shule yake, nyingine hakuiona. Alikuwa akisimulia kwamba panya walikuwepo kila mwaka, lakini si kwa wingi huu. Kichakani kulikuwa na nguchiro, kulikuwa na vicheche, bundi na nyoka, na kila mmoja alichukua fungu lake. Halafu wakaja watu wa mashine. Kichaka kikafyekwa, kinamasi kikafukiwa kwa kifusi, zikaota nyumba za bati jipya, ukachimbwa na mfereji wa maji machafu ambao kila mwenye jiko alimwagia humo ukoko na maganda. Nguchiro wakahama. Nyoka wakapigwa mawe mmoja baada ya mwingine. Panya hawakuhama. Wahamie wapi, nao wameletewa ghala zima mlangoni?

"Mnalia panya, panya!" aliwafokea wanawake wa ule mfereji, mikono kiunoni. "Si ninyi mnaowapikia?" Walimchukia. Mimi niliwaunga mkono kimoyomoyo, na siku nyingine kwa sauti.

Mume alikuwa naye, fundi baiskeli, wakakaa miaka minne. Yule fundi alisema amechoka kuishi na mwanamke asiyenawa kwa sabuni. Na ni kweli, siku za kutega wifi hakugusa sabuni wala mafuta ya kujipaka. Mitego nayo haikuoshwa: panya amekufa humo leo, kesho mtego unarudi kazini na manyoya yake. Niliwahi kumwambia huo ni uchafu. Akaniuliza, "Wifi, ukikuta nyumba inanuka watu na nyingine inanuka dawa ya hospitali, wewe utaingia ipi?" Fundi alipofungasha vitu vyake, wifi hakulia. Au alilia akiwa peke yake, sijui. Machozi yake sikuwahi kuyaona.

Mwaka wake wa kumi na tisa pale ghalani, panya walizidi. Mvua ilikuwa bado miezi mitatu, ghala limejaa mbegu ambazo wakulima walikuwa wakizisubiri, na panya wanaonekana mchana kweupe. Wifi alisema panya akitoka mchana ujue usiku hapawatoshi. Eti panya wengi hawachimbi shimo! Aliyesema hivyo hakuwahi kufagia ghala letu. Msimamizi mpya, kijana wa tai na viatu vinavyolia kwaa kwaa, alitangaza kwamba magunia yakiendelea kutobolewa, mtu ataondoka. Sote tulijua ni mtu gani.

Wifi akaomba mitego mipya, akapewa sitini, ile ya ubao na springi. Akaisugua kwa manyoya ya panya, akaipaka karanga za kusaga na samaki mkavu, akaipanga kando ya kuta. Halafu hakuitega! Waya umelegea, springi zimelala. Siku ya kwanza panya hawakuisogelea. Siku ya tatu walikuja wachache. Siku ya tano nafagia huku nawaona wamekaa juu ya mbao wanakula kama wageni waalikwa, na jioni wifi anapita kuwaongezea chambo. Sikumwuliza kwa nini. Nimwulize ili anichambe mbele za watu? Nilikwenda ofisini.

"Bosi," nilimwambia msimamizi, "mimi sipendi fitina." Fitina zote ndivyo zinavyoanza. "Ila njoo ujionee mwenyewe."

Nilimpeleka siku ya sita, mchana, watu wamekwenda kula. Akawasha tochi. Kila mtego ulikuwa na mgeni wake. Mmoja hakujisumbua hata kugeuka, alimalizia kwanza karanga yake. Wifi akaitwa.

"Mama, hii mitego imetegwa?"

"Haijategwa."

"Kwa nini?"

"Bado siku mbili, mwanangu. Panya anaogopa kitu kigeni kuliko kifo. Mwache ale mpaka aone hii ni sahani yake. Siku ya nane natega yote kwa mkupuo."

"Yaani unawafuga! Kwa mbegu za watu!"

"Siku mbili tu."

Alisema hivyo mara tatu, kila mara sauti inashuka. Tangu niolewe sikuwahi kumsikia yule mwanamke akimwomba mtu kitu. Nilitazama ufagio wangu. Ningeweza kusema, "Bosi, mpe hizo siku mbili," wala ulimi usingekatika. Nilinyamaza, kwa sababu ya dirisha la vioo viwili.

Alifukuzwa siku ileile, kazi nikapewa mimi pamoja na chumba. Vitu vyake vyote vilienea kwenye toroli moja. Alinikabidhi ufunguo pale kwenye ngazi, akasema, "Wa chini ya ngazi usimguse."

"Nani huyo?"

"Utamwona." Akaondoka bila kuniaga, akaenda kupanga chumba ng'ambo ya mfereji, katikati ya wanawake aliokuwa akiwafokea. Kaka yake alininunia wiki nzima. Lakini kwenye chumba kipya alilala, tena kwa kukoroma.

Nyuma ya mlango nilikuta mistari sita ya chaki. Nikaifuta kwa kitambaa, nikatundika pazia.

Wa chini ya ngazi alikuwa nyoka. Wa kahawia, mwembamba, ametulia zake. Nilipiga ukelele ukafika ghalani, na baba watoto akamkata kwa jembe. Nilisema wazi kwamba yule mwanamke alitaka kutuua. Kisha nikaichukua mitego sitini, nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaianika, ikang'aa. Msimamizi akanisifu. Nikaitega yote siku hiyohiyo. Nilipata panya wanne. Siku ya pili mmoja. Siku ya tatu hakuna, na chambo kimekauka hakijaguswa.

Msimamizi akaleta sumu. Hapo walikufa kweli, wakafia darini na ndani ya kuta, tukafunga pua siku kumi. Bundi aliyekuwa akikaa kwenye boriti tulimkuta ameanguka juu ya magunia, mabawa wazi, panya nusu mdomoni. Nikashangilia, nikasema nuksi imetoka. Lo! Mwezi haujaisha panya wamerudi, wengi kuliko wa Bi Paka, na safari hii hawakuishia ghalani. Waliingia chumbani kwangu. Walikula pazia langu la maua kuanzia chini, wakala sabuni, wakala madaftari ya watoto.

Asubuhi moja nikaona damu kwenye shuka. Binti yangu wa mwisho alikuwa ametafunwa ncha ya kidole cha mkono, na bado amelala fofofo. Panya huuma huku akipuliza, nimelisikia hilo maisha yangu yote na kuwasengenya watu kwa msemo huo. Sikujua kwamba mtu anaweza kukiona kidole cha mwanawe na kulikumbuka. Nilimbeba mbio hadi hospitali, wakamdunga sindano na kumfunga bandeji. Kutoka pale nilivuka mfereji.

Wifi alikuwa mlangoni kwake, ameketi kwenye kigoda, anashona kiatu.

"Karibu," alisema. "Umekuja kulipima na dirisha langu hili?"

Kumbe alikuwa ananiona siku zote! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwonyesha mtoto. Alikishika kile kidole, akakigeuza huku na huku, taratibu, mikono yake inanuka sabuni. Hakuwa na sababu tena ya kutonawa.

"Nyoka mliua," alisema bila kuniangalia. "Bundi mmempa sumu. Mitego umeiosha. Mmeua nusu ya panya, nusu iliyobaki imepata nafasi ya kula na nafasi ya kuzaa. Sasa unataka nini?"

"Nataka uje, wifi."

"Siji."

"Nimekosa. Nilikuonea. Nisamehe."

"Sikusamehe. Wewe uliniona naomba, ukatazama ufagio." Akamrudishia mtoto mkono wake. "Lakini kidole hiki ni cha mtoto wa kaka yangu. Sikiliza, sitarudia."

Akanieleza. Nisiguse sabuni. Mitego niisugue kwa manyoya ya panya, niipange ghalani na chumbani pia, kando ya kuta wanakopita, na nisiitege kwa siku saba hata nikiona nini. Nikitega mapema nitashika wajinga tu, wajanja watajifunza na kuwafundisha watoto wao. Siku ya nane nitege yote. "Na uvumilie," alisema. "Hapo ndipo kazi ilipo. Kukaa na adui anakula mbele yako, na wewe unamwongezea."

Nilivumilia. Watoto niliwahamishia kwa jirani, mimi nikabaki. Nilinuka mpaka baba watoto akaanza kulala upande wa ukutani, amenigeuzia mgongo. Kila asubuhi nilichora mstari wa chaki nyuma ya mlango, palepale nilipofuta ile yake. Siku ya nne walikuja. Siku ya tano walijaa. Sitaki kusema uongo, nilianza kufurahi. Nilikuwa nawaangalia wanavyokula kwa amani nikawaambia, kuleni, wapendwa, kuleni sana. Nilijipa ahadi kwamba siku ya nane nitambebea wifi ndoo nzima, nimwage mlangoni kwake, na aniseme atakavyo.

Siku ya sita, mchana, nimechuchumaa chumbani naongeza chambo, nikasikia kwaa kwaa kwenye ngazi. Mlango ukasukumwa. Msimamizi alisimama na tochi yake mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Panya watatu walikuwa juu ya mtego karibu na goti langu, wanakula.

"Nimetoka ghalani," alisema. "Kule ni hivihivi. Hii mitego imetegwa?"

"Haijategwa, bosi."

"Na wewe unawafuga?"

"Bado siku mbili," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, wala haikuwa yangu, nilijua kabisa ni ya nani. "Siku mbili tu, bosi. Siku ya nane natega yote."

"Maneno hayo nimeshayasikia," alisema, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Nyuma yake, kwenye ngazi ya chini, alisimama mke wa mlinzi, yeye ndiye aliyemleta. Yule ana watoto wanne na chumba kimoja, najua, tumeshaongea. Nilimtazama aseme neno. Hakuwa akiniangalia. Alikuwa akiangalia dirisha, kutoka kona moja hadi nyingine, midomo ikichezacheza kidogo.