Mlangoni, Jumapili ya Wageni

Kanisa letu la Wete, kisiwani Pemba, ni dogo. Ukisimama madhabahuni ukaongea kwa sauti ya kawaida, aliyekaa benchi la mwisho anakusikia bila kipaza sauti, ingawa kipaza sauti tunacho na tunakipenda. Wengi wetu tumetoka bara: walimu, manesi, askari, wauza nguo na vyombo. Mimi nilitoka Upare, nikapangiwa kufundisha baiolojia sekondari. Jumapili ya kwanza nilipoingia kanisani nikiwa simjui mtu hata mmoja, nilisimamishwa nijitambulishe, nikaimbiwa, nikashikwa mkono na kila aliyekuwemo, na mchana nikala kwa familia ambayo asubuhi yake sikuwa naijua. Nililia njiani nikirudi nyumbani. Kwa hiyo, mwaka wa tatu, nilipochaguliwa mzee wa kanisa na kupewa zamu ya mlangoni, niliona nimepewa kazi yangu hasa. Watu walinisifu kwa kazi hiyo, nami nikazoea kusifiwa.

Jumapili ninayotaka kuieleza tulikuwa na ugeni wa dayosisi. Wachungaji wawili na kundi la akina mama walikuwa wamevuka bahari kuja kutuona. Tulisugua sakafu tangu Jumamosi, tukashona sare za kitenge, tukapanga viti vya wageni upande wa kulia. Alfajiri mvua ikanyesha kubwa, na nilikuwa nimesimama na tambara mkononi, nikifuta kila tope lililoingia.

Tulikuwa tumeanza wimbo wa pili alipoingia mama mtu mzima, wa miaka sabini hivi, amevaa buibui lililopauka. Alikuwa amevua ndala nje, kama anavyovua msikitini, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Alinukia moshi wa kuni. Akatazama huku na huku, kisha akaketi taratibu mwisho wa safu ya viti vya wageni, karibu na mama mmoja wa dayosisi aliyevaa viatu vyeupe. Kwenye sakafu niliyoisugua kulikuwa na nyayo zake kutoka mlangoni hadi kitini.

Nikamwendea nikainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nna maneno na mkubwa wenu."

"Mkubwa yuko kwenye ibada."

"Ntamngoja. Sina haraka."

"Hapa si pa kungojea, Bibi. Leo tuna wageni."

Akatabasamu kama mtu anayetaniwa. "Kwani mie si mgeni?"

Yule mama wa viatu vyeupe akageuka kututazama. Nikamshika Bibi kiwiko. Sikumvuta, lakini nilimshika kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake angeelewa, naye akaelewa. Akainuka. Mlangoni nikamwambia aje siku za kazi. Akaniambia alikuja Ijumaa akakuta pamefungwa. Nikamwambia basi aje Jumatatu, ingawa nilijua Jumatatu hakuna mtu. Akavaa ndala zake, akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Salini salama." Akashuka njia ya matope.

Baadaye nilijiambia kwamba niliogopa. Kwamba sisi ni wachache kisiwani, na watu wakimwona mama wa Kiislamu ndani ya kanisa wangesema tunambatiza. Ningeweza kumwambia hivyo yeyote naye angenielewa. Lakini kwa miaka yangu yote Wete hakuna aliyewahi kutubughudhi, na siku ile wazo hilo halikunijia mpaka nilipokuwa nimeshamtoa. Nilichokiona mimi ni miguu yenye udongo karibu na viatu vyeupe.

Nikarudi na tambara, nikafuta nyayo zake.

Wakati wa matangazo mchungaji mgeni alisema hajawahi kupokelewa vizuri kama alivyopokelewa Pemba. Akaomba aliyekuwa mlangoni asimame. Nikasimama. Wakanipigia makofi.

Siku tisa baadaye, kwenye chumba cha walimu, mwenzangu anayefundisha jiografia alivuta kiti akakaa mbele yangu. Ni mtu wa hapa hapa Wete, mpole, na hatukuwa na mazoea ya kuzungumza mambo ya dini.

"Mwalimu, nisamehe nikuulize. Yule fundi seremala si mtu wa kanisani kwenu?"

Nikasema ndiyo. Alikuwa mzee wa Njombe aliyekuja kisiwani akiwa kijana na hakurudi tena. Hakuwa na mke wala mtoto. Mabenchi yetu aliyatengeneza yeye. Alikaa nyuma kabisa, na ibada ikiisha ameshaondoka.

"Anaumwa," mwenzangu akasema. "Amepanga chumba cha uani kwa shangazi yangu. Amepata kiharusi, huu mwezi wa pili. Shangazi ndiye anayemwosha na kumlisha. Mbona hamwendi?"

Kazi yangu pale mlangoni ilikuwa kujua nani amekuja na nani hakuja. Jumapili zaidi ya tano zilikuwa zimepita mtu hayupo, na sikuwa nimeona.

"Na shangazi alikuja kwenu kuwaarifu," akaendelea. "Kwa miguu, na mvua yote ile. Akaambiwa pana wageni, hapana nafasi. Sijui ni nani aliyemwambia hivyo. Hakutaka kunieleza."

Kengele ya kipindi ikalia. Ningeweza kusema neno moja tu, "mimi". Nikasema, "Pole sana. Nitamwambia mwinjilisti." Nikachukua chaki zangu nikaenda darasani, nikafundisha mzunguko wa damu bila kusikia nilichokuwa nasema.

Jioni ile tulikwenda na mwinjilisti, ndiye anayetuongoza kila wiki kwa kuwa mchungaji wetu anakaa Unguja. Njiani sikumwambia kitu. Tulipopiga hodi aliitikia Bibi mwenyewe, akafungua, akanitazama. Nilijua amenitambua. Nikasubiri aseme.

"Karibuni," akasema. "Karibu, Mwalimu. Piteni ndani, mgonjwa wenu yumo."

Fundi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, shuka safi, amenyolewa ndevu. Alitufuata kwa macho. Mwinjilisti alipomsalimia, midomo ilicheza upande mmoja na ikatoka sauti isiyokuwa neno.

"Hasemi tena," Bibi akatueleza. "Cha mwanzo kilimshika mkono na mguu tu, alikuwa akisema vizuri. Siku nilokuja kwenu alikuwa akisema. Yeye ndo alonituma. Alitaka mchungaji. Kasema ana jambo la kumwambia mchungaji na ataka ale meza yenu kabla hajafa. Alhamisi yake ndo kikaja cha pili, kikamchukua ulimi."

Alhamisi. Nikahesabu. Jumapili ile walikuwapo wachungaji wawili, wazima, hatua chache kutoka kwenye kiti nilipomwinua. Wangeweza kwenda kwake mchana ule ule kabla ya kula pilau yetu.

Mwinjilisti akauliza, "Bibi, ulipokuja ulimkuta nani?"

Akawa anamrekebishia mgonjwa mto. "Watu walikuwa wengi," akasema. "Sikumbuki."

Mchungaji wetu alikuja kwa boti kutoka Unguja wiki iliyofuata. Alimpa fundi meza ya Bwana, kipande kidogo cha mkate kilicholowekwa kwenye divai, na alipomuuliza kama kuna jambo moyoni, fundi alijitahidi sana. Shingo ilikaza, machozi yakatoka. Hakuna aliyeelewa. Hadi leo hatujui alitaka kusema nini. Labda lilikuwa jambo dogo, au alikuwa na mtoto mahali. Watu wamebuni mengi, na kila wanapobuni mimi hunyamaza.

Baraza la wazee likaamua kumwalika Bibi kanisani tumshukuru mbele ya ushirika. Na kwa kuwa mimi ndiye mkaribishaji, mimi ndiye niliyepangiwa kumtambulisha. Ningeweza kukataa na kueleza sababu. Nilikubali.

Alikuja na mpwa wake, yule mwenzangu wa jiografia. Safari hii nilimpokea getini, nikamshika mikono miwili, nikamkalisha mbele. Kwaya ikamwimbia. Nikachukua kipaza sauti na sauti yangu ikatoka laini, ile sauti ya kila Jumapili. Nikasema tunaye leo mama aliyetufundisha upendo wa jirani, na kwamba ni furaha kubwa kwetu kumpokea kwa mara ya kwanza katika nyumba hii.

Kwa mara ya kwanza. Nilisikia maneno yakitoka. Nadhani nilikuwa nimeyasema kwa mazoea, kama tunavyowaambia wageni wote, lakini nilipoyasikia sikuyarudisha.

Mwenzangu wa jiografia akakunja uso. "Lakini shangazi," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kanisa ni dogo, "si ulikuja ile siku ya—"

Bibi akamwekea mkono gotini. Akanitazama moja kwa moja, nami nikiwa nimeshika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nilifika nje," akasema. "Ndani ndo leo."

Watu wakapiga makofi. Nimewahi kuaibishwa hadharani utotoni kwetu, nikachapwa mbele ya shule nzima, na haikuuma vile. Aliyekuwa na haki ya kunivua nguo alivua yake akanifunika, mbele za watu wangu, kanisani kwangu.

Ilinichukua wiki mbili nyingine kwenda kwake peke yangu. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye mkeka akichambua karafuu, akitenga vikonyo. Hakusimama. Akanisogezea rundo, nikakaa nikachambua. Nikamwambia yote: kwamba sikuogopa kitu, kwamba ilikuwa ni miguu yake, kwamba nilifuta nyayo zake. Nililia. Yeye aliendelea na mikono.

"Mie nshakusamehe njiani siku ile ile," akasema. "Nisingekusamehe, usiku ningelala vipi na mgonjwa anihitaji asubuhi? Lakini haki ile si yangu, Mwalimu. Mie nilitumwa tu. Mwenye haki yumo ndani, hajafa."

"Hawezi kusema, Bibi."

"Kusema hawezi. Kusikia asikia."

Akaniacha niingie mwenyewe. Nikapiga magoti karibu na kitanda nikamwambia fundi kwamba aliyemrudisha mjumbe wake ni mimi. Alinitazama muda mrefu kwa jicho lake zima. Kisha akageuza uso ukutani. Hakuwa na nguvu nyingi, ilimchukua muda kuugeuza, nami nilikaa pale nikimwona akijitahidi mpaka akamaliza.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilifua mashuka, nilileta maziwa. Siku nyingine alinitazama, siku nyingine hakunitazama. Nilitaka sana ishara, na Bibi aliona kwamba naitaka. Siku moja akaniambia niwache kumkodolea mgonjwa macho kama mtu angojae mtihani kusahihishwa.

Fundi alikufa masika ilipokuwa inaisha. Sikupata ishara.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, niliombwa niandike wasifu wa marehemu. Hatukuwa na mengi: alikozaliwa, kazi yake, mabenchi. Nilipofika kwenye ugonjwa nikaandika kwamba aliuguzwa na jirani yake, mama wa Kiislamu, ambaye alikuja kanisani kuomba mchungaji wakati marehemu bado anaweza kusema, na kwamba mzee wa kanisa wa zamu alimtoa nje kwa sababu miguu yake ilikuwa na tope. Nikaandika kwamba mzee huyo ni mimi. Niliifuta sentensi hiyo mara mbili. Makaburini niliisoma.

Wanaume wa mtaa walikuwa wamekuja kusindikiza jeneza, wamesimama pembeni na kofia zao. Mwenzangu wa jiografia alikuwa miongoni mwao. Aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka nilipomaliza. Kwa upande wetu mtu alianzisha wimbo, haraka kidogo. Mzee mmoja wa baraza aliniambia baadaye kwamba mambo ya ndani hayasomwi kaburini. Mwinjilisti alinipa mkono. Wengine hawakunipa.

Nilimfuata Bibi, aliyekuwa amesimama nyuma na akina mama wetu, kwenye njia ya kurudi. Nilidhani atafurahi, au atanionea huruma. Alikuwa amekasirika.

"Mie nilikusitiri," akasema, "weye ukaenda ukajivua mwenyewe mbele ya maiti. Siku ya yule mzee ukaifanya siku yako." Akatembea hatua kadhaa. "Haya. Ndo ushasema."

Sikuwa nimeliona hivyo. Nililala na maneno yale siku nyingi, na bado sijui kama alikosea.

Zamu ya mlangoni niliirudisha mwenyewe. Sasa anasimama nesi mmoja kijana, ana tabasamu zuri, na wageni wanamsifu. Mimi nakaa katikati na wengine. Mwenzangu wa jiografia tunasalimiana, tunasahihisha mitihani meza moja, na lile jambo hatujawahi kulitaja. Kwa Bibi naenda Jumamosi moja moja. Mara nyingine ananikaribisha hadi jikoni, mara nyingine ananiambia tu ana kazi, nirudi siku nyingine, nami nasema ndiyo, Bibi, nageuka naondoka.