Mume Wangu Anataka Niseme Kompyuta ya Depo Imekufa

Admin, naomba ufiche jina langu, mji huu tunajuana wote. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 32, naishi Mangobo, Kisangani. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Niliyemfundisha kazi hii ni mume wangu, siyo yeye aliyenifundisha mimi, na wanaonicheka kwa hilo nimewazoea.

Kaka wa mume wangu, tunamwita Yaya, ana depo kando ya mto na mashua kubwa ya mbao inayopakia hapo kwenda Basoko. Pale depo mimi ndiye niliyefunga kamera na kompyuta ya kuhifadhi picha zake. Ina diski mbili zilizounganishwa kwa programu, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Ila baba mkwe wangu, tunayemwita Papa, aliporwa kila kitu wakati wa vita, na tangu hapo hakubali kitu cha maana kilale ng'ambo moja tu ya mto. Kila Ijumaa baada ya swala hupita depo, namtolea diski moja, anavuka nayo kwenda kwake Lubunga. Akiirudisha naiunganisha tena, inajazwa yale iliyoyakosa. Mambo haya tunayajua mimi na yeye tu, maana Papa hawaamini hata wanawe.

Wiki mbili zilizopita mashua ya Yaya iliondoka Ijumaa asubuhi, ikazama kabla ya kufika. Yaya alisema watu walikuwa wachache na karibu wote wameokolewa. Basi akaanza kuja mama mmoja muuza samaki, mtu wa kule kwenye maporomoko ya mto, nitamwita Mama Berna. Binti yake haonekani. Yaya anamwambia huyo binti hakupanda, labda amekimbilia kwa mwanaume. Mama Berna hagombi na mtu. Anakaa mlangoni pa depo na akina mama wenzake, na kila anayepita anamuuliza: "Mutoto yangu aliingia mu bato ao hapana? Muniambiye tu, nijue kama naweka matanga." Watu wakamwambia kamera ya depo itajibu.

Siku hiyohiyo kompyuta ikakataa kuwaka. Mume wangu akaja karakana kwangu: "Courant imekula machine. Kuya uangalie, alafu useme mbele ya bale bamama kama iko morte. Weye njo fundi, batakuamini." Niliona ajabu. Niseme imekufa kabla sijaifungua?

Umeme wetu unapokatika hovyo, kinachoharibika mara nyingi ni bootloader, kile kipande kidogo cha programu mwanzoni mwa diski kinachoamsha kompyuta. Ugonjwa huo naujua kama kikohozi cha mwanangu: unaona maneno machache kwenye kioo cheusi, na kompyuta inakusubiri uisaidie. Safari hii hapakuwa na hata hayo maneno. Ilisema tu haina diski ya kuanzia. Nikaiwasha kwa flash yangu, nikaikagua diski. Nzima kabisa, wala haina joto. Lakini ndani ni sifuri tupu, mwanzo hadi mwisho. Umeme unaunguza, jamani, haufuti vizuri namna hiyo.

Nikavuka kwa Papa kimya kimya, nikarudi na diski yake, nikajifungia karakana mchana kweupe. Nayo haikuwaka. Bootloader hainakiliwi na ile programu, na nilikuwa nimeiweka kwenye ile diski ya kwanza tu, hii ya kusafiri niliinyima makusudi, ili mwizi akiiba asifike popote. Nikatumia flash tena, nikailazimisha diski ikubali kufanya kazi bila mwenzake, nikaiwekea bootloader yake. Mara mbili ilinigomea. Mara ya tatu ikaamka.

Picha za Ijumaa ile zipo zote. Mashua imejaa mpaka maji yanakaribia mbao za juu. Binti wa Mama Berna yuko ukingoni, beseni la kijani kichwani, anasita. Anayemshika mkono na kumvuta ndani ni Yaya mwenyewe.

Nililia, nikaogopa. Yaya hawezi hata kujitumia picha kwenye simu yake. Kusafisha diski ya mteja kabla ya kuuza, kuijaza sifuri tupu, katika ukoo huu nimemfundisha mtu mmoja tu, na mtu huyo analala ubavuni mwangu.

Diski nimeirudisha kwa Papa. Najua mtaniuliza kama nimenakili. Nimenakili, iko kwenye kopo la chumvi. Nikisema, baba wa watoto wangu ataingia gerezani pamoja na kaka yake. Nikinyamaza, yule mama ataendelea kukaa pale mlangoni. Jana alinishika mkono, akaniambia: "Mama fundi, weye utaniambia kweli." Nikamjibu bado natafuta kipuri. Sijawahi kujichukia hivyo.

Leo asubuhi mwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, aliniletea ujumbe wa Papa, akausema mbele ya watu wote: Papa anauliza aendelee kuitunza ile diski au niirudie. Mume wangu alikuwa amesimama pale. Tulirudi nyumbani. Alikula, akaosha mikono, ndipo akasema taratibu: "Kesho miye na Yaya tunavuka Lubunga. Tunaenda kusalimia Papa."

Tangu niolewe, Yaya hajawahi hata siku moja kuvuka kwenda kumsalimia baba yake.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi wekeni kando. Kabla ya kesho nianze na nani: Papa, Mama Berna, au polisi? Nishaurini, nifanye nini?