Mama Mkubwa Aliyekuwa Golikipa

Hadi leo nikimwona Mama Kiondo kwa mbali pale Huanshi Zhonglu, mtaa wetu wa biashara hapa Guangzhou, navuka barabara, na msinionee huruma, aibu yenyewe nilijitafutia.

Mama mkubwa Felista, aliyenilea tangu nina miaka minne, alifariki Moshi wakati kontena langu linapakiwa bandarini Huangpu, nikashindwa kwenda kumzika. Mumewe, baba mkubwa, akanipigia: "Wasifu utausoma wewe, mwanangu. Huko huko uliko, sisi tutakusikiliza." Watanzania wenzangu wa hapa wakakodi ukumbi juu ya mgahawa, video ikaunganishwa na msibani.

Sasa mimi, badala ya kukaa chini niandike, nikafanya ya Guangzhou: hapa hatubuni kitu, unampa bosi wa kiwanda sampuli, unamwambia nitolee hivi hivi, badilisha lebo tu. Nikachukua wasifu niliomwandikia marehemu Mzee Kiondo mwaka jana (ulisifiwa huo, watu walilia!), nikabadilisha jina, nikaenda zangu kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou.

Siku ikafika, nikasimama na sauti ya huzuni: "Felista alikuwa mtu wa watu, na ujanani alikuwa golikipa hodari..." Watu wakatazamana. Ningenyamaza hapo ningepona, lakini nikajitia kufafanua, "Ndiyo, alikuwa anadaka hasa!", nikaendelea mbio mbio nikitafuta pa kutokea, nikaangukia kwenye "hatutazisahau ndevu zake, na ameacha mke mpendwa."

Mama Kiondo, kiti cha mbele, akainuka na kitambaa mkononi. "Jamani! Huyo si mume wangu?"

Watu wakavunjika mbavu. Kwenye skrini baba mkubwa amejiinamia, mabega yanatikisika, nikajua nimemliza mzee wa watu. Nikaweka karatasi chini, jasho linanitoka, nikasema lililokuja mdomoni: kwamba mama mkubwa alikuwa akinipa uji asubuhi anauonja kwanza nisije nikaungua, na hata nilipoota ndevu (zangu, si zake) nikienda likizo bado anauonja. Nikashindwa kuendelea, nikalia mbele za watu.

Baba mkubwa akainua uso, kumbe anacheka, na machozi yanamtiririka. "Hiyo ya uji ndiyo yake," akasema. "Ile ya golikipa mrudishie mwenyewe."

Nimemrudishia Mama Kiondo, na radhi nimeomba mara tatu. Bidhaa nitaendelea kunakili, riziki ni riziki, ila mtu wangu nitamwandika mwenyewe, hata iwe mistari miwili ya uji.