Njiwa Juu ya Kompyuta

Karani wa chumba cha intaneti hapa Gitega huvua viatu kabla ya kuingia, na sisi lazima tuvue. Kompyuta ni moja, ya msaada, na mlangoni imeandikwa kuwa ni ya watu wote. Ameifunika kwa kitambaa alichodarizi mke wake, chenye njiwa wawili. Kila asubuhi hukiinua kwa vidole viwili, hupuliza vumbi ambalo halipo, hukirudisha. Huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelaza mgonjwa.

Juzi alikuja mama kutoka Muyinga, mpakani na Tanzania, siku nzima njiani nyuma ya magari ya jeshi yanayolinda msafara. Mwanawe, mkimbizi Tanzania, anahamishwa kambi Ijumaa, na anwani aliyomwachia ni ya intaneti tu. “Shefu, mi naomba maneno mawili: asiondoke, nakuja.”

“Lete kwanza barua ya maombi, mama, yenye muhuri wa ofisi ya zoni yenu. Saa hii mashine iko inapumzika.”

“Imefanya kazi gani?” nikauliza, mimi ambaye hata salamu hunishinda.

Lakini si mtu mbaya: alichukua karatasi, akayaandika yale maneno kwa mwandiko mzuri mno, akayapiga muhuri mara mbili. “Lori la Muyinga linaondoka saa nane,” akasema. “Kwa kuwa we unaelekea huko kwa mwanao, mama, utaibeba mwenyewe.”

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kutafuta viatu vyake. Karani akanyoosha kitambaa, maana njiwa mmoja alikuwa amekunjamana.