Sikio la Mzee Anselmi

Kwa miaka minane Prisca alilitazama sikio la mjomba wake kwa karibu kuliko mtu yeyote pale Mlali, na kila mwaka lilizidi kumtia kinyaa. Katika ukoo wao ardhi ilikuwa ya akina mama, lakini kikaoni mdomo ulikuwa wa mjomba: mwanamke alikaa nyuma yake, akamnong'oneza, naye akayatamka maneno kama yake. Wako wanaoiita heshima. Ulikuwa uvivu uliopewa kiti cha mbele.

Desturi hiyo ilihamia nzima nzima kwenye chama cha wakulima wa mboga, ambako Mzee Anselmi alikuwa mwenyekiti na Prisca, mwenye stashahada ya kilimo, katibu. Prisca alipanga, akaandika, akatafuta wanunuzi. Mjomba alikohoa, kisha akasema.

Mwaka 1993, biashara ilipokuwa imefunguliwa na kila mwenye lori amekuwa mnunuzi, kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kuanzisha kituo cha kukusanyia nyanya. Meneja angekuwa mwanachama atakayeeleza vyema mpango wa kazi mkutanoni. Mpango ulikuwa wa Prisca. Umeneja aliutaka kwa moyo wote, ila hakuwahi kumwambia mtu.

"Shikamoo, mjomba," alisema asubuhi ya mkutano. "Leo nilidhani nitaueleza mwenyewe."

"Marahaba. Wageni waseme ukoo wetu umeishiwa wanaume?" Mzee alicheka, akavuta ugoro. "Kaa karibu, usininong'oneze kama mbu. Nikipata cheo, utabaki katibu wangu."

Prisca akakaa nyuma yake.

Mzee alieleza, watu wakapiga makofi. Chausiku, mkulima mwenzake, alimgusa kiwiko. "Hotuba yako tamu, shoga. Ulipomfikisha kwenye mbolea nilidhani atapaliwa."

Ndipo Bwana Yusuph, mjumbe wa kampuni, akauliza, "Mzee, masika yakikata barabara, nyanya zilizochumwa mtazifanyaje?"

Mzee Anselmi alikohoa. Sikio likarudi nyuma, lenye nywele, jasho na vumbi la ugoro. Prisca alikwisha kuinama kabla hajafikiri, midomo imejikunja tayari kunong'ona. Kichefuchefu kikampanda. Safari hii hakikutoka kwenye sikio. Kilitoka kwenye midomo yake mwenyewe, iliyozoea utumwa hadi haikungoja amri.

Akaketi wima.

"Sema, mtoto," mzee alinong'ona. "Unaniaibisha."

"Humo sisemi tena, mjomba."

Mtu akacheka. Prisca akasimama. "Bwana Yusuph, jibu ninalo. Mpango mliousikia niliuandika mimi. Wakati wa masika tutachuma nyanya zikianza tu kubadilika rangi, tuzitandaze kwenye vichanja vyenye kivuli. Zitasubiri barabara kwa siku kadhaa bila kuoza."

Yusuph aliongeza maswali matatu. Alijibu yote.

"Umenivua nguo mbele ya wageni," mzee alifoka.

"Nguo zilikuwa zangu, mjomba."

Yusuph alifungua fomu. "Basi meneja tumempata. Jina lako kamili?"

Kwa mazoea, Mzee Anselmi alikohoa ili ajibu.

"Prisca Severini," akamwahi. Kisha akajifuta midomo kwa upindo wa khanga, kwa nguvu, kama aliyegusa kitu kilichooza.