Kilio cha Epifania Ukutani

Epifania wa Kagerankanda ni mteja wangu wa vitenge tangu nifungue duka hapa Kasulu, na mtu mpole kama yeye sijui kama nitampata tena. Mara moja tu alilia watu wakasikia: siku aliyomzika mwanawe Reverien, miaka mitatu iliyopita.

Siku hiyo kijana wa Dar, Nurudini, alikuwepo na kamera. Alisema anakusanya mila. Mwaka huu akarudi, akakodi ukumbi, akabandika matangazo ya "picha zinazosikia": Jumatano Kasulu, Jumamosi Kibondo. Mimi ndiye niliyemshika Epifania mkono, twende dada, utajiona. Mpaka leo najilaumu.

Ndani giza, kuta zote zimejaa picha. Ukisimama, kimya. Ukipiga hatua, mashine inakuona na sauti inatoka. Vijana walishaugeuza mchezo. Waliruka mbele ya ukuta wa mwisho, na uso wa Epifania ukatokea mkubwa kuliko mlango, makamasi yanateremka, akimlilia mwanawe, "Yuu, mwana wanje!" Wakaruka tena, akalia tena. Mmoja akacheza singeli juu ya kilio kile, wenzake wakashangilia.

Kwa kina Epifania, siku ya kuganduka, ya kuondoa matanga, ikipita, msiba umevuliwa. Marehemu haliliwi tena kwa sauti. Kumlilia ni sawa na kumfukua. Kwa Reverien waliganduka mwaka juzi, nami nilikuwepo.

Epifania akaenda kuufunika mdomo ule kwa kitenge chake. Kadiri alivyosogea, kilio kilipanda.

"Zima!" nikamwambia Nurudini.

"Mama, hapo ndipo penyewe," akasema, macho yanang'aa. "Ona anavyojibizana na kazi! Halafu aliweka dole gumba kwenye fomu ya ruhusa."

Nzi wa kwenye kidonda ana haya kuliko yule.

Saa saba akatutoa sote ili kundi la pili liingie. Epifania hakubishana. Alipofika mlangoni, wa mwisho kutoka, akaketi kizingitini, akanyoosha miguu toka mwimo hadi mwimo, kama wanawake wanavyoketi msibani.

Huku kwetu hakuna anayemruka mama aliyenyoosha miguu. Ni mkosi, tena ni tusi. Kundi la pili likasimama nje. Hata wale warukaji wakaangalia chini.

"Mama yangu, nipishe kidogo tu," Nurudini akabembeleza kutoka ndani.

"Ruka," Epifania akamwambia.

Nurudini akainua mguu mmoja, akaona watu wanavyomtazama, akaurudisha.

Nami nikaketi karibu na Epifania, nikanyoosha yangu. Nyuma yetu ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Tulikaa hapo hadi jua likapungua na watu wakatawanyika, na Nurudini akaanza kukunja nyaya zake.

Ndipo Epifania akaniuliza, "Dada Mwamvua, Jumamosi basi la Kibondo linaondoka saa ngapi?"